The Lion King ya 1994 na ya 2019: Hadithi moja, nyuso mbili

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni inayoitwa The Lion King. Miaka 25 baadaye, Julai 2019, kampuni hiyohiyo iliirudia hadithi ileile. Safari hii simba walikuwa na manyoya, kucha na mwendo kama wale wa mbugani.

Hadithi haikubadilika sana. Simba ni mtoto wa mfalme Mufasa. Scar, ambaye ni baba yake mdogo, anautamani ufalme. Anamuua ndugu yake kwa hila, kisha anamfanya mtoto aamini kuwa yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Simba anakimbia, anakulia mbali, na mwishowe anarudi kudai haki yake.

Wengi wetu tumeona moja kati ya filamu hizi kwenye simu, kwenye basi la safari ndefu au kwenye kibanda cha video. Waliobahatika kuziona zote mbili mara nyingi husema kitu kimoja: ya pili inapendeza macho, lakini ya kwanza ndiyo iliyowaliza. Katika makala haya tunaeleza kwa nini, na ni nini cha kuangalia kabla hujatumia bando lako.

Tofauti ya katuni na filamu "halisi"

Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Katika katuni za kuchora kwa mkono, mara nyingi mchoro mmoja hutumika kwa picha mbili, kwa hiyo mhusika mmoja huhitaji michoro kama 12 kwa kila sekunde. The Lion King ya 1994 ina dakika 88. Hapo unaweza kupiga hesabu ya kazi waliyofanya wachoraji.

Kompyuta ilisaidia kwenye rangi na kwenye tukio moja kubwa: kundi la nyumbu wanaoteremka bondeni mbio na kumkanyaga Mufasa. Tukio hilo ni la dakika chache tu, lakini liliwachukua mafundi zaidi ya miaka miwili.

Tunaposema filamu halisi, kwa kawaida tuna maana ya watu wanaoigiza mbele ya kamera. Disney imezirudia katuni zake nyingi kwa njia hiyo. Cinderella ya 1950 ilirudiwa 2015, Beauty and the Beast ya 1991 ikarudiwa 2017, na Aladdin ya 1992 ikarudiwa 2019.

The Lion King ya 2019 huwekwa kwenye kundi hilo, lakini ukweli ni kwamba karibu yote imetengenezwa kwa kompyuta. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alisema kuna picha moja tu iliyopigwa kwa kamera: ile ya mapambazuko mwanzoni kabisa. Simba, nyasi, vumbi na maji yote yaliyobaki ni kazi ya mafundi wa kompyuta. Kwa hiyo hata hii ya pili ni katuni, ila imetengenezwa ifanane na picha za mbugani.

Timu zote mbili zilifika Afrika Mashariki. Watengenezaji wa filamu ya kwanza walikwenda Kenya mwaka 1991, wakatembelea Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Timu ya pili nayo ilikwenda Kenya kutazama ardhi, mimea, mwanga na wanyama. Tofauti ni namna walivyotumia waliyoyaona. Wa kwanza walichukua umbo la simba wakalipa hisia za binadamu. Wa pili walijitahidi simba abaki simba.

Uso unaosema bila maneno

Angalia tukio la Simba mdogo akimkuta baba yake amelala chini baada ya nyumbu kupita. Katika filamu ya 1994, nyusi za mtoto zinapanda, mdomo unatetemeka na machozi yanamtoka. Kisha anaingia chini ya mkono wa baba yake na kujilaza. Hata ukizima sauti, utajua ni mtoto anayekataa kuamini kwamba baba amekufa.

Katika filamu ya 2019 mtoto anafanya karibu mambo yaleyale, na sauti yake ni ya huzuni. Lakini uso wake ni wa simba wa kweli, na simba wa kweli hana nyusi za kupandisha wala hatoi machozi ya kilio. Mafundi walipoamua kuufuata ukweli, walilazimika kuacha vile vitu ambavyo mchoraji hutumia kuonyesha hofu, aibu, wivu na kicheko.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa mtazamaji wa Marekani, kwa sababu wengi wetu tunatazama filamu za lugha tusiyoielewa vizuri. Kwenye kibanda cha video yupo mtafsiri anayeingiza sauti yake kwa Kiswahili. Nyumbani, kwenye simu, mtoto wa darasa la pili hana mtafsiri. Anafuata uso. Katika katuni ya 1994 anaweza kumjua Scar kuwa ni mbaya kabla hajafungua mdomo: manyoya meusi ya shingoni, macho ya kijani, bega lililoinama, tabasamu la upande mmoja. Katika filamu ya 2019 anamwona simba dume aliyekonda mwenye kovu, na ubaya wake uko zaidi kwenye maneno ya Kiingereza.

Nyimbo zilivyobadilika

Filamu ya kwanza ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki. Hans Zimmer alipata ya muziki wa filamu, na Elton John na Tim Rice wakapata ya wimbo bora. Sauti ya Kiafrika mle ndani ilitokana kwa kiasi kikubwa na Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Wengi hudhani mwito unaofungua filamu ni wa Kiswahili kwa sababu majina ya wahusika ni ya Kiswahili. Mwito ule ni wa Kizulu.

Katika katuni, wimbo unapoanza dunia nzima hubadilika. Simba mdogo anapoimba kwamba hawezi kusubiri kuwa mfalme, mbuga inageuka rangi kali na wanyama wanapandiana mgongoni hadi juu. Katika filamu ya 2019 wimbo huohuo unaimbwa huku watoto wakikimbia katikati ya wanyama kwenye maji. Tembo hawezi kumbeba twiga, kwa hiyo hakumbeba. Wimbo wa Scar na fisi nao umefupishwa, na sehemu kubwa yake inasemwa badala ya kuimbwa.

Nusu saa ya ziada imetoka wapi?

Filamu ya 2019 ina dakika 118. Hiyo ni nusu saa zaidi, na hadithi ni ileile. Sehemu ya muda huo ni safari ya kishungi cha manyoya ya Simba. Kinapeperushwa na upepo, kinaliwa na twiga pamoja na majani, kinatoka kwenye kinyesi, kinaviringishwa na mdudu, hadi kinamfikia nyani mzee Rafiki, naye anajua kwamba Simba yu hai. Ni picha nzuri, na kwa mtu anayeijua mbuga inafurahisha. Katuni ilisimulia jambo hilohilo kwa muda mfupi tu.

Nyongeza nyingine ina faida zaidi. Nala, rafiki wa Simba tangu utotoni, anaonekana akitoroka usiku kutoka kwenye utawala wa Scar ili kutafuta msaada. Katika katuni anatokea tu porini akiwinda. Majike kwa jumla wamepewa nafasi zaidi katika filamu ya pili.

Fumba macho usikilize

Sisi watu wa redio tuna kipimo chetu: fumba macho. Sauti ya Mufasa katika filamu zote mbili ni ya James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyefariki Septemba 2024. Ukisikiliza tu, baba ni yuleyule, mwenye sauti nzito inayotoka kifuani.

Sauti nyingine zilibadilishwa. Rafiki wa 2019 ni John Kani wa Afrika Kusini. Kiongozi wa fisi, Shenzi, ni Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Katika katuni, Shenzi na wenzake walikuwa wachekeshaji. Katika filamu ya pili yeye ni jike mkuu anayeogopwa na kundi zima. Hapo filamu ya pili iko karibu zaidi na maumbile, maana kwa fisi wenye madoa jike ndiye anayeongoza.

Maneno yetu mdomoni mwa wengine

Simba na Rafiki hawahitaji tafsiri. Pumbaa, yule ngiri, amepewa jina kutokana na kitendo cha kupumbaa. Sarabi, mama yake Simba, ana jina lenye maana ya mazigazi, yale maji ya uongo tunayoyaona barabarani wakati wa jua kali. Fisi wawili wa 2019 wanaitwa Kamari na Azizi.

Shenzi ni jina la kulitazama kwa makini. Kwa mtazamaji wa ng'ambo ni jina tu. Kwetu ni tusi, na tusi lenye historia: neno "mshenzi" lilitumika kuwadharau watu wa bara, na wakoloni nao wakalitumia kwa Waafrika. Watengenezaji walibadilisha mengi mwaka 2019, lakini jina hilo walilibakiza. Mtoto akiuliza maana yake, ni vizuri mzazi amweleze badala ya kucheka tu.

Kuna pia maneno "Hakuna Matata". Disney iliyasajili Marekani kama alama ya biashara kwa mavazi. Mwaka 2018, filamu ya pili ilipokuwa njiani, zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga usajili huo. Usajili wa aina hiyo haumzuii mtu kusema maneno hayo, lakini wengi waliona si haki. Maneno hayo yalikuwepo zamani. Wakenya wa bendi ya Them Mushrooms waliyaimba katika Jambo Bwana miaka zaidi ya 10 kabla ya katuni ile.

Je, kila kinachorudiwa huharibika?

Hapana. Mwongozaji huyohuyo, Jon Favreau, aliirudia The Jungle Book, katuni ya 1967 kuhusu mtoto Mowgli aliyelelewa na mbwa mwitu huko India. Filamu ya 2016 ilikuwa na mtoto wa kweli akiigiza, huku msitu na wanyama vikitengenezwa kwa kompyuta. Mama mbwa mwitu, Raksha, alipewa sauti na Lupita Nyong'o wa Kenya.

Filamu hiyo ilipata Oscar kwa picha zake za kompyuta, na watazamaji wengi waliona imeongeza kitu. Tunaona sababu mbili. Kwanza, kulikuwa na uso wa binadamu wa kufuata. Mowgli akiogopa, tunaona hofu. Pili, hadithi ilibadilishwa kwa sababu maalumu. Katika katuni Mowgli anamfuata msichana kijijini. Katika filamu ya 2016 anabaki msituni na wale waliomlea.

Mulan ya 2020 ilikwenda njia nyingine. Iliondoa nyimbo na joka dogo mcheshi la katuni ya 1998. Waliokuwa wakimngoja joka hawakumwona.

Kwa nini hurudiwa?

Sababu kubwa ni fedha. Hadithi tayari ni mali ya kampuni, jina linajulikana, na mtoto wa 1994 sasa ni mzazi mwenye kulipa kiingilio. The Lion King ya 2019 iligharimu takriban dola milioni 250, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Lakini jina peke yake halitoshi. Mwaka 2025 Snow White ilishindwa kurudisha gharama zake kwenye kumbi za sinema, wakati Lilo & Stitch ilipita dola bilioni moja mwaka huohuo.

Uanze na ipi?

Kama una bando la filamu moja na watoto ni wadogo au hawajui Kiingereza, tunashauri ile ya 1994. Ni fupi, na uso wa kila mhusika unajieleza. Kama watoto ni wakubwa na wanapenda wanyama, ile ya 2019 itawapa mengi ya kutazama.

Katika zote mbili baba anakufa mbele ya mtoto wake. Kama nyumbani kuna mtoto aliyefiwa karibuni, kaa naye wakati wa kutazama. Katika filamu ya 2019, mapigano ya simba na fisi yanafanana na ya kweli, na watoto wengine huogopa.

Na kama umeziona zote, jaribu hili na familia: zima sauti kwenye tukio la Simba na baba yake bondeni, kwanza katika filamu moja, kisha nyingine. Waulize watoto Simba anasikia nini moyoni. Filamu ambayo watajibu haraka zaidi ndiyo iliyozungumza nao.