Kimya ukumbini, kiitikio uwanjani: adabu ya kutazama dansi ilikotoka

Mtazamaji wa baleti hufika kabla pazia halijafunguliwa, huzima simu, huketi na kunyamaza. Makofi yana wakati wake: mchezaji anapomaliza sehemu yake na kuinama, au pazia linapofungwa. Kupiga picha ni mwiko, kwani mwanga wa ghafla unaweza kumyumbisha mchezaji aliyesimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja.

Adabu hiyo ni changa kuliko baleti yenyewe. Baleti ililelewa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14, aliyekuwa mchezaji hodari, alianzisha chuo cha dansi jijini Paris. Hata baleti ilipohamia kwenye kumbi za kiingilio, mishumaa iliachwa ikiwaka upande wa watazamaji, na wenye nafasi walikwenda kuonwa, kupiga soga na kutembeleana huku mchezo ukiendelea.

Mwaka 1876 mtunzi Mjerumani Richard Wagner alifungua ukumbi wake mjini Bayreuth, na humo watazamaji wakawekwa gizani. Macho yakabaki na jukwaa tu. Desturi hiyo ikaenea, ingawa haikushika mara moja. Tarehe 29 Mei 1913 jijini Paris, onyesho la kwanza la baleti ya Igor Stravinsky, Le Sacre du printemps, liligeuka zogo. Muziki ulimezwa na kelele, hata Vaslav Nijinsky, aliyebuni hatua zake, akawa anawahesabia wachezaji kwa kupaza sauti kutoka pembeni mwa jukwaa.

Afrika Mashariki ilizipokea kumbi za aina hiyo wakati wa ukoloni; Kenya National Theatre ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1952. Lakini watazamaji wa huku walikuwa na adabu zao. Katika taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, shabiki huinuka, akaenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji na kumtunza. Anayeinuka kwenye ubeti wa mafumbo huwa ametoa jibu mbele ya wote. Hata hivyo, dansi za kigeni zilikuwa zimezifunika za huku: Desemba 1962 Rais Julius Nyerere alisikitika bungeni kwamba wasomi wengi walijua rumba na waltz kuliko ngoma za huku kama gombe sugu au lelemama, akatangaza wizara ya utamaduni.

Mfano mwingine wa adabu za huku uko Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Arusha hadi Namanga, chini ya Mlima Meru, kwenye makazi ya Wamaasai na Waarusha. Katika adumu, dansi ya kuruka ya morani, hakuna ngoma inayopigwa. Muziki ni sauti za watu. Kiongozi, olaranyani, huanzisha, wenzake huitikia kwa mvumo mzito. Mmoja au wawili huingia katikati na kuruka wima, visigino visiguse chini, na kadiri mruko unavyopanda ndivyo sauti za wanaoitikia zinavyopanda. Mrukaji akichoka, humpisha mwingine.

Hapo waliosimama pembeni ya mrukaji ndio wanaombeba kwa sauti. Mgeni anayekwenda kutazama na aulize kwanza mahali pa kusimama, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na asiingie katikati bila kuitwa.