Lukemia Kali ya Promielositi
Lukemia kali ya promielositi ni namna adimu ya saratani ya damu, iliyobainishwa mwaka 1957 na tabibu Leif Hillestad wa Norwei, ambamo chembe nyeupe changa, badala ya kupevuka, hurundikana katika uboho na kuvuruga mgando wa damu, hata mgonjwa asiyewahiwa aghalabu hufariki kwa kuvuja damu ubongoni. Asili yake ni kromosomu ya 15 na ya 17 kubadilishana vipande.

Waliogeuza hatima ya maradhi haya ni matabibu wa China: Wang Zhenyi wa Shanghai, ambaye tangu 1985 alitumia asidi ya jamii ya vitamini A, si kuziua chembe hizo bali kuzipevusha, na wenzake wa Harbin walioingiza katika tiba aseniki, sumu mashuhuri tangu kale; kwa hiyo leo wagonjwa walio wengi hupona.

Hata hivyo tiba hiyo ina shari yake, kwani chembe zinazopevuka kwa ghafula huweza kuleta homa, uvimbe, maji mapafuni na dhiki ya pumzi. Ndipo tabibu mwenye hadhari, bila kungoja uthibitisho kamili, humpa mgonjwa dawa ya deksamethasoni mara dalili zichomozapo.