Mashine Moja, Watumiaji Wengi

Kinampanda, katika wilaya ya Iramba, ni mahali ambapo aghalabu hutajwa kwa ualimu kabla ya jambo jingine lolote, kwani hapo wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, waliotoka Marekani, waliwafundisha walimu tangu zama za ukoloni, na chuo chao cha ualimu leo ni cha serikali. Atakaye kufahamu kwa nini chuo cha namna hii, kilicho mbali na bandari na maduka ya vifaa, kina haja ya kuweka programu zake katika seva moja na kuzigawa kwa kompyuta nyingine zote, hana budi kurudi nyuma hadi mwaka 1965, ilipofungwa kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mjini Dar es Salaam. Wakati ule mashine ilikuwa moja, nayo ikawafanyia kazi wengi, wala hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba kila karani angekuwa na yake mezani.

Mwaka 1974, baada ya kazi ya kutia hesabu za serikali katika kompyuta kuleta hasara badala ya faida, uagizaji wa kompyuta kutoka nje ulipigwa marufuku isipokuwa kwa idhini maalumu. Mimi siwaungi mkono wanaoicheka amri ile kana kwamba ilitoka kwa wajinga, maana fedha za kigeni zilikuwa haba na wataalamu walikuwa wachache. Ila hasara yake ni kwamba ilitukalisha nje katika miaka ile ile ambayo wenzetu walikuwa wakivumbua namna ya kuziunganisha mashine. Huko Marekani, chuo cha MIT kilianza mradi wake wa Athena mwaka 1983, na mwaka uliofuata kampuni ya Sun ikatoa NFS, utaratibu unaoiwezesha kompyuta moja kusoma mafaili ya nyingine kana kwamba yamo ndani yake mwenyewe. Linux ilipozaliwa mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, kijana wa Ufini, iliurithi utaratibu huo.

Kwetu, mlango wa uagizaji ulipofunguliwa, kompyuta ziliingia moja moja, kila sanduku na programu zake na virusi vyake. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili na isiyodai ada ya leseni. Na mwaka 2005 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Sweden, ikaanza mradi wa kupeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali.

Sasa mathalani fundi wa chumba chenye kompyuta ishirini za Linux aitakaye programu kama Jambo OpenOffice haimlazimu kuiweka mara ishirini. Huiweka katika folda moja ya seva, akaandika mstari mmoja katika faili la /etc/exports kuwa folda ile ni ya kusomwa tu, kisha kila kompyuta ikaipachika kwake inapowashwa. Toleo jipya likija, hubadilishwa mahali pamoja. Lakini ni sharti kompyuta zote ziwe na maktaba za mfumo zinazolingana, la sivyo programu inayofunguka meza hii itakataa meza ile. Tena NFS, kwa desturi yake ya asili, haimjui mtu kwa jina bali kwa nambari: mwanafunzi aliyepewa 1001 katika kompyuta moja, na mwingine aliyepewa 1001 katika ya pili, mbele ya seva ni mtu mmoja, na kazi zao zikihifadhiwa humo, za huyu zitafunguliwa na yule bila pingamizi. Ndiyo sababu Sun iliongeza utaratibu wa NIS, daftari moja la majina na nambari kwa mtandao mzima.

Kuna njia nyingine, LTSP, iliyoanza mwaka 1999, ambayo kwa namna yake ya asili programu huendeshwa ndani ya seva yenyewe, na kompyuta ya mezani, hata kuukuu isiyo na diski, huonyesha picha tu na kupokea herufi. Njia hii hupunguza gharama ya meza na kuutupa mzigo wote juu ya seva, ambayo lazima iwe na kumbukumbu ya kuwatosha watu wote. Katika NFS, kinyume chake, seva hutoa mafaili tu, na kila kompyuta hufanya kazi kwa nguvu zake.

Umeme ukikatika kwenye seva peke yake, kompyuta zilizopachika folda kwa njia iitwayo ngumu hazitangazi kosa: huganda tu, programu ikingoja, na seva ikirudi huendelea pale pale ilipokuwa. Watumiaji wasiojua hilo huzima mashine kwa hasira, wakapoteza kile ambacho subira ya dakika chache ingekiokoa; kwa hiyo betri ya akiba, ikiwa ni moja tu, na iwe ya seva.

Tangu mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ufike Dar es Salaam Julai 2009, wapo wanaoona kwamba programu zote zihamie ng'ambo na kutumiwa kwa intaneti. Kwa chuo cha Iramba mimi naichagua seva iliyo chumba cha pili, kwani waya wake hauna malipo ya mwezi, na ukikatika hutengenezwa na fundi aliyepo.