Uzio wa makazi (Kalima, Maniema)

Uzio wa makazi ni kizuizi kinachozunguka parsele (kiwanja) ya nyumba ili kuonyesha mpaka, kuzuia mifugo na kuwasitiri wenye nyumba. Kiswahili kina majina mengi kwa kitu hiki: ua, wigo, boma, kitalu. Neno ua lenyewe hutaja uzio na pia uwanja ulio ndani yake, kama vile lopango la Kilingala, na lupango la Waswahili wa Katanga, linavyotaja parsele pamoja na kinachoizunguka. Katika maneno haya, kiwanja na wigo wake ni kitu kimoja.

Kalima ni mji wa madini ya bati katika wilaya ya Pangi, mkoa wa Maniema, yapata kilomita 100 kutoka Kindu, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ulikua chini ya kampuni ya Symétain wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1976 Symétain na kampuni nyingine ziliunganishwa kuwa Sominki, na mwaka 1997 urithi wa Sominki ukahamia mikononi mwa kampuni ya Sakima. Historia hiyo inamhusu moja kwa moja anayetaka kujenga uzio, kwa kuwa sehemu ya ardhi ya mji na kandokando yake imekwisha kuchimbwa, kuoshwa na kumwagwa upya.

Hali ya hewa na udongo

Kalima iko kusini kidogo ya ikweta, katika ukanda wa msitu wa mvua wa bonde la Kongo. Mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Hupungua Juni, Julai na Agosti, kisha hurudi Septemba kwa nguvu. Joto na unyevu havitofautiani sana mwaka mzima, na kwa hiyo kuvu na mchwa hawana msimu wa kupumzika.

Udongo ulioenea zaidi ni mwekundu wa vilimani, mkongwe sana, uliooshwa rutuba yake na mvua ukabaki na chuma na alumini nyingi pamoja na asidi. Ukilowa hunata kwenye jembe. Ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mabondeni kuna udongo mweusi unaotuama maji, na mahali palipooshwa kasiteriti, yaani madini ya bati, kuna mchanga na kokoto tupu. Nguzo iliyochomekwa kwenye kokoto hizo hucheza kama jino la mtoto. Parsele moja inaweza kuwa na aina zote tatu, kuanzia lango la mbele hadi kijito cha nyuma, na kosa la kwanza la wajenzi wengi ni kuweka uzio wa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nguzo na fito

Ng'oa nguzo iliyoanguka baada ya misimu michache ya mvua uitazame. Kichwa chake ni kizima. Ncha iliyokuwa chini kabisa ya shimo, mara nyingi, nayo ni nzima. Palipooza ni pale kwenye usawa wa ardhi, shubiri moja hivi juu na chini, ambapo unyevu na hewa hukutana. Juu yake utaona vijia vya udongo mkavu, vyembamba kama kalamu, vikipanda kwenye ubao: hizo ni njia za mchwa. Ukivikwangua kwa kucha utakuta mti umebaki ganda tu.

Kwa hiyo nguzo ya Kalima huchaguliwa kwa moyo wake. Sehemu nyeupe ya nje ya mti huliwa haraka hata katika miti inayosifiwa, ilhali moyo wa mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao wa Kongo huuita kambala, hustahimili miaka mingi. Gamba litolewe lote, maana mchwa hujificha chini yake. Ncha ya chini ichomwe motoni hadi iwe nyeusi, na weusi huo ufike shubiri moja juu ya usawa wa ardhi. Wanaochoma ncha peke yake hulinda pasipooza. Kichwa kikatwe mshazari ili maji yateleze.

Shimo liwe la sentimita 60 au zaidi, na nguzo zikae mita mbili hadi mbili na nusu kutoka moja hadi nyingine. Katika udongo mwekundu, usijaze kokoto kuzunguka nguzo ukidhani unaondoa maji: shimo la udongo wa mfinyanzi lenye kokoto ndani hugeuka chungu, maji huingia yasitoke. Rudisha udongo uleule kidogokidogo, ushindilie kila tabaka kwa mchi, kisha uinue kichuguu kidogo shinani. Mafuta machafu ya injini, ambayo wengi hupaka kufukuza mchwa, hayafai karibu na kisima wala bustani ya lengalenga. Yanayozama ardhini mtayanywa.

Mianzi hupatikana kwa urahisi, lakini imejaa wanga na wadudu huifuata. Ikatwe ikiwa imekomaa, ya miaka mitatu au zaidi, kisha ilazwe kwenye maji yanayotembea kwa majuma kadhaa. Isichomekwe ardhini. Ifungwe kwenye nguzo na kuachwa shubiri moja juu ya udongo. Viunzi vya makuti au vijiti vya mwale ni sitara ya muda tu.

Uzio hai

Mahali ambapo kila mti mkavu una adui, uzio unaofaa zaidi ni ule usiokauka. Ndiyo maana wigo wa mimea unastahili kuwekwa mbele ya mengine yote Kalima, na inasikitisha kuona mtu aking'oa wigo mzuri wa miaka mingi ili tu aonekane ana ukuta.

Mbono, unaoitwa pia mbono kaburi (Jatropha curcas), ndio mmea wa kuanzia kwenye udongo mwekundu wenye mteremko. Mbuzi hauli, hushika kwa vipando, na huvumilia udongo usio na rutuba. Kata matawi yaliyokomaa, mazito kuliko kidole gumba, yenye urefu wa mkono. Yaache kivulini siku moja au mbili hadi utomvu ukauke kwenye jeraha, la sivyo yataoza. Panda mvua zinaporudi Septemba, kwa kina cha sentimita 20 na nafasi ya sentimita 20 hadi 25. Panda kipando kimoja kikiinamia kulia na kinachofuata kushoto, ufunge kwa kamba pale vinapopishana. Vikinenepa vitabanana, na hata kuku hatapenya. Mwaka wa kwanza ukate usawa wa kiuno ili matawi yachipue chini. Wasioweza kuvumilia kukata mmea unaostawi huishia na wigo uliojaa majani juu na wazi miguuni.

Mbono una mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, hautaki maji yaliyotuama, kwa hiyo haufai bondeni. Pili, mbegu zake ni sumu. Chache tu zinatosha kumtapisha na kumharisha mtoto vibaya. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, matunda yachumwe kabla hayajapasuka na watoto waambiwe waziwazi.

Mihibiskasi hutoa wigo mzuri kwa mwenye jirani asiye na mbuzi. Muhogo-mti (Manihot glaziovii) una faida ambayo mama wa Kimaniema haelezwi mara mbili: majani yake ni mboga ya sombe, mradi yatwangwe na kuchemshwa vya kutosha kama ya muhogo wa kawaida. Mnyaa ni mgumu na hauhitaji kutunzwa, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru macho. Aukataye anawe kabla ya kujigusa uso. Chini ya wigo wowote, mstari wa mananasi huziba mianya ya miguuni, na nyasi za vetiva hushika udongo kwenye mteremko.

Kwenye mchanga wa machimbo ya zamani hakuna mmea utakaoshika bila msaada. Chimba mtaro wa upana na kina cha jembe, uujaze mbolea ya mbuzi na majani ya tithonia yaliyokatwakatwa, uache yaoze majuma machache, ndipo upande.

Wigo hai huchukua mwaka mmoja hadi miwili kuziba. Katika muda huo ndipo fito, mianzi na makuti yanapofaa, kama jukwaa la mmea. Baada ya hapo wigo hukatwa mara mbili au tatu kwa mwaka. Usipokatwa huvamia njia na kuwa kichaka cha nyoka.

Ukuta

Simenti hufika Kalima kutoka mbali, na barabara ya wakati wa mvua huongeza bei ya kila mfuko. Anayejenga ukuta basi asipoteze simenti juu na kubana chini: msingi ndio unaobeba yote. Uchimbwe hadi udongo mgumu usiochimbwa kabla, jambo ambalo mahali penye kokoto za machimbo linaweza kumaanisha kwenda chini sana. Ukuta uliokingama na mteremko ni bwawa. Usipoachiwa matundu chini kila mita mbili hivi, mvua moja kubwa itausukuma. Matofali mabichi hudumu yakikaa juu ya mawe na kuvikwa kofia ya mabati au makuti. Bila kofia huyeyuka kuanzia juu. Matofali ya kuchoma ni imara zaidi, ila tanuri lake hula kuni nyingi, na kuni hizo ni msitu ulio nyuma ya nyumba.

Waya na mabati

Seng'enge ichaguliwe yenye zinki nzito. Mabati ya uzio yasiguse ardhi: udongo wenye asidi na maji huila zinki, na kutu hupanda kutoka ukingo wa chini. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, kwa hiyo waya mrefu uunganishwe na nondo iliyozamishwa ardhini, na mtu asiushike wakati wa ngurumo.

Mpaka na sheria

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka msingi kwamba ardhi ni mali ya dola, na raia hupewa haki ya kuitumia. Uzio peke yake hauleti haki hiyo, hata ukiwa wa zege; kinachotambulika ni hati na mipaka iliyopimwa. Kalima kuna tabaka jingine juu ya hilo: Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2018, hutenganisha haki ya madini na haki ya ardhi, na hudai fidia kwa mkaaji anayepoteza matumizi ya ardhi yake. Mwenye parsele ahifadhi hati zake na ajue kama nyumba yake iko ndani ya eneo la leseni.

Wigo hai upandwe nusu mita ndani ya mpaka, kwa kuwa mimea hunenepa na jirani hatapenda kupoteza ardhi yake kila mwaka kidogo. Na kabla jembe halijagusa ardhi, mwite jirani huyo pamoja na mkuu wa mtaa, msimame pamoja kwenye kila kona, mfunge kamba, mkubaliane wote mkiiona.