Kilima cha Hermitage na Mzabibu Wake

Mkulima ajua ya kuwa mbegu moja, ikipandwa bondeni na mlimani, haileti mazao ya namna moja. Jambo hili twaliona wazi katika kilima kimoja cha Ufaransa, kiitwacho Hermitage, juu ya mji mdogo wa Tain, kando ya mto Rhône. Kilima hicho chaelekea kusini, chapata jua mchana kutwa, nacho chaukinga mzabibu na upepo wa baridi wa kaskazini. Zabibu nyeusi zilimwazo huko ni za aina moja, iitwayo Syrah.

Yasimuliwa ya kwamba mwaka 1224 askari mmoja, Gaspard de Stérimberg, alichoshwa na vita, akaenda kukaa peke yake kileleni, karibu na kanisa dogo, amwombe Mungu. Wengine wakaongeza ya kuwa ndiye aliyeuleta mzabibu huo kutoka Shiraz, mji wa Uajemi. Hadithi ni tamu, lakini vita vyake vilikuwa kusini mwa Ufaransa, wala si mashariki. Tena mwaka 1998 wataalamu walipochunguza asili ya Syrah, waliona wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, mizabibu ya Ufaransa yenyewe.

Basi sifa ya divai hiyo haikutoka mbali. Imetoka chini ya miguu ya mkulima. Katika shamba la Bessards, upande wa magharibi, ardhi ni mawe ya itale yaliyomomonyoka. Divai yake ni kali, yenye ukakasi, nayo hudumu miaka mingi. Katika Méal, palipo na kokoto na chokaa, divai hunukia zaidi na kujaa kinywani. Chini, katika Greffieux, udongo ni mzito na wa kina, na divai ni laini. Tabia hiyo ya mahali Wafaransa huiita terroir.

Lakini mteremko ni mkali, na mvua kubwa huuporomosha udongo. Kwa hiyo wazee walijenga kuta za mawe, na udongo ulioshuka wakaupandisha tena kwa migongo yao. Mwaka 1937 sheria ikalilinda jina la Hermitage, divai ya mahali pengine isiitwe hivyo.

Ndipo twafahamu: udongo ni urithi, lakini urithi usiotunzwa huchukuliwa na maji.