Milango kati ya seli za moyo

Juu ya kilima cha Berea mjini Durban, ulipo mtaa wa Morningside ninakoishi, mtu akielekea kusini kwa kilomita chache hufika barabara ya Umbilo. Hapo kipo chuo cha udaktari kilichofunguliwa mwaka 1951 kwa ajili ya wanafunzi wasio Wazungu, katika nchi iliyotenga hata wodi za wagonjwa kwa rangi. Steve Biko alisoma hapo. Mwaka 1989 akahitimu kijana kutoka Transkei, Bongani Mayosi, ambaye jina lake limo katika historia ya jambo dogo mno: namna seli moja ya moyo inavyoishika jirani yake.

Msikilizaji, moyo hupiga kwa umeme. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba umeme huo husambaa kwa urahisi kwa sababu misuli ya moyo ni nyama moja isiyo na mipaka ndani yake. Mwaka 1952 Silvio Weidmann, mtaalamu wa Uswisi, alipima nyuzi za moyo wa mnyama na kuona umeme ukienda mbali kuliko urefu wa seli moja. Miaka miwili baadaye darubini ya elektroni ikaonyesha kinyume cha imani ile ya zamani: kila seli ina utando wake, imefungwa pande zote.

Sasa umeme unapitaje ukuta?

Jibu lilianza kuonekana kwa mnyama asiyetarajiwa. Mjini London, Edwin Furshpan na David Potter walichunguza neva za kamba wa maji baridi, na mwaka 1957 wakatangaza kwamba ishara ilivuka kutoka neva hadi neva moja kwa moja, bila kemikali kuibeba. Habari hiyo iliwashangaza wengi, kwani mabishano makali kuhusu ubongo yalikuwa yameelekea kumalizika kwa ushindi wa waliotetea kemikali. Ilibainika kwamba njia zote mbili zipo.

Mwaka 1967, ule ule ambao Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu mjini Cape Town, Jean-Paul Revel na Morris Karnovsky wa Marekani walionyesha mahali penyewe. Tando mbili hukaribiana mno, lakini hazishikani kabisa, na katikati yake vimepangwa vijitundu kama sega la nyuki. Kila kijitundu kimejengwa kwa protini 12, sita kila upande. Protini hizo ziliitwa koneksini. Iliyo nyingi zaidi katika moyo, koneksini 43, ilitambuliwa mwaka 1987; ile ya neva za ubongo, koneksini 36, ikajulikana mwaka 1998.

Lakini mlango hauna faida kama kuta zenyewe zinaachana. Sisi wa redio twalijua hilo: waya ukilegea, mitambo mizuri kiasi gani haitoi sauti. Seli za moyo hushikwa na protini nyingine, na kazi ya Mayosi na wenzake ilihusu mojawapo ya hizo.

Kwa zaidi ya miaka 20 watafiti waliufuatilia ukoo mmoja wa Afrika Kusini ambao vijana wake walikufa ghafla. Ugonjwa wao hugeuza misuli ya moyo, hasa upande wa kulia, kuwa mafuta na makovu, na mapigo huvurugika. Jeni zote zilizokuwa zikishukiwa zilipimwa bila mafanikio. Ndipo wagonjwa wawili wa ukoo huo wakapimwa jeni zao kwa jumla, na kati ya tofauti zaidi ya 13,000 walizokuwa nazo kwa pamoja ikachujwa moja, katika jeni ya kadherini-N. Protini hiyo ni kama kulabu inayounganisha seli. Katika panya walioondolewa kulabu hiyo moyoni, koneksini pia zilipungua na wanyama wakafa ghafla.

Matokeo yalichapishwa Machi 2017, pamoja na watafiti wa Italia na Kanada. Mgonjwa mwingine, wa familia tofauti, alikutwa na hitilafu katika jeni hiyo hiyo.

Vitabu vya sayansi hupenda kusifu darubini. Mimi naona sifa ya kwanza ni ya ukoo ule, uliozika watoto wake na bado ukawakubalia madaktari wachukue damu, mwaka baada ya mwaka.

Profesa Mayosi alifariki dunia tarehe 27 Julai 2018, akiwa na umri wa miaka 51. Familia yake ilisema alikuwa akisumbuliwa na sonona. Wakati huo alikuwa mkuu wa kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Cape Town.

Ndugu wa ukoo ule wanaobeba hitilafu hiyo sasa wanaweza kutambuliwa kwa kipimo cha jeni. Wanaohitaji huwekewa kifuani chombo cha kuurudisha moyo katika mapigo yake.