Udhalilishaji wa Wanawake Mtandaoni: Kosa Linalodai Malipizi

Udhalilishaji wa mtandaoni ni kumtukana mtu, kumtisha, kumzushia uongo au kusambaza picha zake za faragha kwa simu na intaneti. Mwanamke anayetendewa hivyo hukosa usingizi, hubeba aibu isiyo yake na hujitenga na jumuiya. Wengine hufikia kukata tamaa ya kuishi.

Maandiko Matakatifu yanasimulia mateso ya namna hii. Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, Susana alisingiziwa na wazee wawili, na mkutano ukawasadiki kwa sababu ya cheo chao. Sala ilimtegemeza, naye Mungu akamwinua kijana Danieli, aliyekataa kushiriki hukumu ile na kuwahoji wazee mmoja mmoja. Tusimwambie aliyeumizwa avumilie peke yake: ustahimilivu wake wahitaji shahidi wa kusimama naye.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2477) inakataza hukumu ya haraka, usengenyaji na masingizio. Tunaposambaza ujumbe wa namna hiyo, tunashiriki kosa. Tena, ondoleo la dhambi haliondoi wajibu wa malipizi (na. 2487): ujumbe ufutwe, na ukweli usemwe kwa wale wale waliotumiwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu unyanyasaji huu. Aliyeathirika ahifadhi ujumbe kama ushahidi, kisha aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Nasi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tumsindikize.